Foleni ya Etsy kabla ya kubonyeza kitufe

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, msanidi programu aliyeajiriwa na Etsy, soko la mtandaoni kule Brooklyn, alitarajiwa kugusa tovuti halisi, ile ile wanayonunulia wateja, siku yake ya kwanza kazini. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kujiongeza kwenye ukurasa wa wafanyakazi. Lakini aliipandisha kwa kitufe kile kile walichotumia wakongwe.

Kampuni ilianza 2005, na kwa miaka kadhaa kupandisha toleo jipya kulikula saa nyingi. Mabadiliko ya siku kadhaa yalirundikwa yakapanda pamoja. Tovuti ikianguka, nani ajue ni mstari upi ulioiangusha? Mwaka 2010 alikuja John Allspaw kutoka Flickr, tovuti ya picha. Mwaka mmoja kabla, yeye na Paul Hammond walikuwa wameushangaza mkutano wa Velocity kwa kueleza kwamba Flickr inapandisha zaidi ya mara 10 kwa siku. Etsy nayo ikafika huko, kisha ikapita.

Waliosikia hesabu hizo walikimbilia kuiga kitufe, yaani chombo kiitwacho Deployinator. Kwa maoni yangu kitufe ndicho kilichokuwa chepesi kuliko vyote. Uzito ulikuwa kwenye foleni.

Foleni iliishi kwenye chumba cha gumzo cha IRC, majina yakiwa yamepangwa juu ya ukurasa. Watu wachache wenye mabadiliko madogo walipanda “treni” moja, yaani walipandisha kwa pamoja, na wa kwanza akawa dereva. Dereva alisubiri kila abiria aseme msimbo wake umeingia. Akapandisha kwanza kwenye mazingira ya majaribio, waliyoyaita Princess, akasubiri tena kila mmoja akague chake. Ndipo ikaja zamu ya tovuti halisi, na hapo hapakuwa na ruhusa ya kutoroka kwenda kutafuta kahawa: wote walibaki wakitazama grafu na orodha ya hitilafu.

Grafu hizo zilikuwa na mstari wima kila mahali msimbo ulipopandishwa. Mauzo yakishuka ghafla baada ya mstari, mshukiwa anajulikana, na mabadiliko yake ni machache kiasi cha kusomwa kwa dakika chache. Programu yao ya StatsD, waliyoitoa bure 2011, iliwezesha kuhesabu karibu chochote kwa mstari mmoja wa msimbo. Huduma mpya nayo ilipanda ikiwa imezimwa kwa swichi, ikawashiwa wafanyakazi kwanza, kisha asilimia ndogo ya wateja. Kupandisha na kuzindua vikawa mambo mawili tofauti, na sidhani kama foleni ingeenda kasi bila utengano huo.

Halafu kuna sweta. Kila mwaka aliyefanya kosa la kushangaza zaidi alitunukiwa sweta ya mikono mitatu, sawa na ile iliyochorwa kwenye ukurasa wa hitilafu wa tovuti. Wapo wanaoiona mzaha tu. Mimi naiweka pamoja na vikao vya kuchunguza ajali bila kutafuta wa kulaumiwa, ambavyo Allspaw aliandika kuvihusu mwaka 2012. Msanidi anayeogopa kufokewa hurundika mabadiliko yake mpaka Ijumaa, na rundo ndilo lililokuwa tatizo tangu mwanzo.

Uhuru huo haukufika kila kona. Mifumo iliyogusa namba za kadi za benki ilitengwa, kwa kuwa kanuni za malipo zinadai kazi ya kuandika msimbo itenganishwe na ya kuupandisha.