Mguu na Kidole: Juu ya Uhalisi wa Kandanda ya Kioo

Kijana wa Vidunda ashukaye kutoka milimani hadi mji wa Mikumi aweza kuwa amecheza kandanda tangu utoto wake, akajua namna ya kuutuliza mpira wa juu na namna ya kuuficha kwa mwili mbele ya beki. Akiingia katika kibanda cha gemu, akalipia mechi moja na kutiwa pedi mkononi, hufungwa magoli matano na mtoto wa mjini asiyeweza kukimbia kutoka nguzo moja ya umeme hata ya pili. Watazamaji hucheka. Walakini kicheko hicho kina swali ndani yake, nalo lastahili jibu: mchezo unaosifiwa kwa kufanana na kandanda ya kweli, mbona haumtambui ajuaye kandanda?

Sifa yenyewe si ya uongo. Tangu FIFA ya kwanza kutolewa na kampuni ya EA mwaka 1993, na hasa tangu Konami ya Japani ilipoleta Pro Evolution Soccer mwaka 2001, watungaji wameshindana katika uhalisi: sura za wachezaji, jasho, nyasi, kelele za mashabiki. Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alipohamia Aston Villa Januari 2020, vijana wa vibandani walimchezesha kwa vidole vyao. Lakini huo wote ni uhalisi wa macho. Mkono haukupewa kitu.

Mfano wa karibu wa jambo hili haumo katika kandanda, bali katika maandishi. Msomi wa pwani aliyezoea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alipowekewa mbele herufi za Kirumi, hakupungukiwa na Kiswahili hata neno moja. Uliopungukiwa ni mkono. Pedi nayo ni hati, na alama zake nne, yaani pembetatu, duara, mraba na msalaba, ni herufi zisizofanana na kitu zinachokitaja. Teiyu Goto, aliyezibuni kwa ajili ya PlayStation, alieleza kwamba duara na msalaba zilisimama badala ya ndiyo na hapana. Ndivyo ilivyokuwa Japani. Nje ya Japani msalaba ukafanywa ndio wa kukubali, na mwaka 2020, ilipotoka PlayStation 5, Wajapani nao wakageuziwa. Mtoto wa Kitanzania, ambaye daftari lake limemfundisha kwamba alama hiyo ni kosa, huambiwa aibonyeze ili aendelee mbele. (Hapana ajabu wengine husita.)

Tena hati zenyewe ni mbili. Katika mpangilio wa kawaida wa Pro Evolution, mraba hupiga shuti na duara huinua mpira wa krosi. Katika FIFA, mraba huinua na duara hupiga. Aliyejifunza kwa ile ya kwanza, akikaa mbele ya hii ya pili, hufika peke yake kwa golikipa, na pale pa kufunga huuinua mpira ukaenda zake. Hakukosa shabaha wala hakuogopa. Ameandika neno sahihi kwa tahajia ya kitabu kingine. Na kwa kuwa nguvu ya shuti hupimwa kwa muda wa kukibana kitufe, hata aliyeikumbuka alama hubakiwa na somo la pili, ambalo haliwezi kuelezwa kwa maneno. Kidole hulipata kwa kukosea.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kusema kwamba ujuzi wa uwanjani haufai kitu kabisa. Hadi FIFA 11, aliyetaka mpira aliweza kukibana kitufe, na mlinzi akamwandama mwenye nao kama mbwa wa kuwinda. FIFA 12, iliyotoka mwaka 2011, ilileta ukabaji mwingine: mlinzi hana budi kusubiri, kuziba njia, kisha kuchagua wakati wa kutia mguu. Wengi walinung'unika, maana walizoea kushinda kwa pupa. Lakini huo ndio uhalisi wenye thamani, uhalisi wa uamuzi, na humo kijana wa Vidunda hupata haki yake, kwa sababu subira ya beki anayo tayari. Kasoro ni kwamba haki hiyo iko nyuma ya mlango, na mlango ni vidole.

Mafundisho yaliyomo ndani ya mchezo ni ya Kiingereza. Anayefundisha kwa kweli ni yule asimamaye nyuma ya kiti akingoja zamu, akipiga kelele "Mraba! Bana mraba!" Maneno hayo mgeni ameyajua tangu hesabu za shule ya msingi. Dawa nyingine imo ndani ya FIFA yenyewe: uko mpangilio mbadala urudishao shuti kwenye mraba. Ila umewekwa katika ukurasa wa marekebisho, nao pia ni wa Kiingereza. Na penye kulipia kwa mechi, anayekaa nyuma hatakubali saa ipotee kwa kusoma, wala anayefuata hatapenda kuikuta pedi imegeuzwa.