Mtazamaji na Msanii Asiyemjua

Mhakiki wa fasihi hukutana na kazi ngeni akiwa na nyenzo nyingi mkononi. Lugha ya kazi hiyo anaijua, utanzu wake anautambua, na hata kama mwandishi ni mgeni kwake, mapokeo yanayoendelezwa au kuvunjwa si mageni. Hali huwa kinyume mtu huyohuyo aingiapo katika maonyesho ya sanaa za siku hizi ya msanii asiyepata kumsikia. Hapo aghalabu macho yake hukimbilia kibandiko kilicho kando ya picha kabla ya kuitazama picha yenyewe. Husoma jina, mwaka, na bei ikiwapo. Kisha huirudia picha ili ayatafute yale ambayo kibandiko kimekwisha kumwahidi. Swali linalostahili kuulizwa ni kama mtazamaji wa namna hii ameona kitu chochote.

Ugumu huu waweza kuanzia mlangoni. Jumba la sanaa la Paa ya Paa, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na kundi la watu akiwamo mchoraji Elimo Njau, lina jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni mnyama paa anayepaa. Mwanaisimu hawezi kulipita hivihivi. Kwa upatanisho wa viumbe hai ingetarajiwa "paa apaa". Ingekuwa ni paa la nyumba, "paa lapaa". Kiambishi "ya" chafuata umbo la nomino katika ngeli ya N, si uhai wa mnyama. Na kwa kuwa kimetengwa na kitenzi, chaweza hata kusomwa kama a-unganifu. Msomaji makini hutua mbele ya umbo na kuuliza latenda nini. Hivyo ndivyo impasavyo kufanya mtazamaji wa msanii asiyefahamika: aanze na umbo, na mwenye umbo afuate baadaye.

Kazi ya Edward Saidi Tingatinga yaonyesha hasara ya kuupindua utaratibu huo. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Uchoraji wake ulidumu takribani miaka minne tu. Alitumia rangi za kung'aa, za aina ipakwayo baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba wa kiwandani. Anayetanguliza wasifu huambiwa kwamba mtu huyu hakusomea sanaa, na maelezo hayo mara moja hugeuka hukumu. Anayetanguliza jicho huona jambo jingine. Mara nyingi mnyama mmoja ameijaza picha nzima, na nyuma yake hamna mandhari ila rangi tupu. Hakuna mti wa kumwonyesha mtazamaji umbali, wala upeo wa kumpa pumziko. Kilichobaki ni mnyama na mstari unaomzunguka. Huo ni uamuzi wa fani, sawa na wa methali inayoacha kila neno lisilobeba uzito. Kuuita upungufu wa elimu ni kusoma kibandiko badala ya picha.

Baada ya kifo chake, jamaa na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo, na jina la pekee likawa nomino ya kawaida: leo husemwa "picha ya tingatinga", katika lugha ambayo tayari ilikuwa na tingatinga kwa maana ya trekta. Lugha imepata istilahi, lakini kwa gharama. Wachoraji wengi wenye mikono tofauti wamefunikwa na jina la mmoja, na mgeni atazamaye picha ishirini hudhani ameiona moja mara ishirini. Neno "kimakonde" nalo limewatendea wachongaji vivyo hivyo, ila wao wamefunikwa kwa jina la kabila.

Yaweza kupingwa kwamba jicho pekee halitoshi, na pingamizi hili lina nguvu. Chukua vinyago vya mtindo wa shetani, ambao kuanzishwa kwake mwishoni mwa miaka ya 1950 hunasibishwa na Samaki Likankoa. Mtazamaji asiye na maarifa huona viungo vilivyopotoka, akasoma neno "shetani", akamfikiria Ibilisi wa vitabu vitakatifu. Lakini katika matumizi ya Kiswahili shetani aweza kuwa pepo yeyote: wa kuudhi, wa kuchekesha, hata wa kupatana naye. Asiyeujua upana huo atakiona kitisho palipo na mzaha. Hata hivyo, maarifa yanayohitajika hapa ni ya lugha na maisha. Mtu aweza kuikariri tarehe ya kuzaliwa ya mchongaji na bado asikielewe kinyago.

Kwa hiyo wajibu wa wanalugha katika maonyesho si mdogo. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kuanzia: kuchonga, kuchora, kunakshi, kufinyanga, kusuka, kutia na kukoza rangi. Mhakiki anayeeleza kwa vitenzi hivi kilichotendwa juu ya ubao au mti, kabla hajatamka jina la mtu, humpa msanii mgeni haki ileile apewayo mashuhuri. Na pale vibandiko vinapoandikwa kwa Kiingereza peke yake, haki hiyo humnyima pia mtazamaji aliye karibu zaidi na kazi: yule ambaye neno "shetani" halihitaji kutafsiriwa kwake.