Heko, Hosteli za Wasafiri
Mwaka 1909, mwalimu Mjerumani Richard Schirrmann alikumbwa na mvua ya radi akiwa matembezini na wanafunzi wake, wakajihifadhi usiku katika jengo la shule. Hapo akapata wazo la malazi nafuu kwa vijana, na miaka michache baadaye hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa katika ngome ya Altena.

Leo, anayefika Berlin peke yake na begi mgongoni hupata hostelini kitanda, kabati la kufuli na jiko la pamoja. Jikoni ndipo ugeni unapoisha: mmoja anaomba chumvi, mwingine anamwonyesha njia kwenye ramani, na asubuhi wanatoka pamoja. Hongera kwa wote wanaoendesha hosteli hizi. Kijana, ukisafiri peke yako, fikia hosteli.