Maji mu bwate ya vitesi: TFC zetu zinamshitaki shofere bure

Kama ulisomea mekanika hapa Goma, unalijua lile jedwali. Liko mu TFC yako, liko mu TFC ya rafiki yako, na liko mu ile TFC ya zamani ambayo ninyi wawili mliifuata. Linaitwa AMDEC. Kushoto unaandika kiungo cha mashine, katikati namna kinavyoharibika, kulia unatia namba tatu: inatokea mara ngapi, madhara yake ni makali kiasi gani, na ni vigumu kiasi gani kuiona mapema. Unazizidisha, unapata namba ya nne, njo unaandika hitimisho.

Nimepitia TFC na memwari kadhaa zinazozungumzia matengenezo ya mashine kubwa za barabara na za kariere. Nyingi zinafika pahali pamoja: bwate ya vitesi njo inasumbua zaidi, sababu ni mafuta mabaya na « mauvaise manipulation » ya shofere. Dawa: wanunue mafuta bora, wafundishe mashofere. Jury inapiga makofi, distinction, picha na togi.

Mimi napinga hitimisho hilo, na sipingi kwa sababu ya hesabu. Hesabu ziko sawa. Shida ni kwamba mu kazi hizo zote maji yanapata neno moja tu, « contamination », mu mustari mmoja wa jedwali, kana kwamba yameanguka toka mbinguni. Hakuna anayeuliza yalipita wapi. Na mu mji kama wetu, ile swali njo kazi yenyewe.

Tuanze na mafuta. Maji yanakaa ndani ya mafuta kwa hali tatu. Kwanza yanayeyuka, huoni kitu, mafuta yanang'aa kama kawaida. Yakizidi, yanakuwa matone madogo madogo sana na mafuta yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Yakizidi tena, au mashine ikilala muda, mengine yanashuka chini peke yake. Kwa hiyo siku fundi anachomoa kijiti cha kupimia na kusema « eeh, imekuwa maziwa », mashine ilishakunywa zamani. Mu 1977 mtafiti R. E. Cantley alichapisha majaribio juu ya maji na maisha ya beringi. Kwa kanuni yake, ukichukua mafuta yenye maji 0.01% kuwa ndiyo kipimo cha kawaida, yakifika 0.1% maisha ya beringi yanabaki kama robo. Sehemu moja ya maji katika elfu! Na kwa kiasi hicho macho yako yanaweza yasione jambo la ajabu.

Beringi si peke yake. Ndani ya bwate ya chargeuse ao niveleuse ya kisasa kuna pakiti za diski zinazobanwa na presha ya mafuta ili kubadilisha vitesi. Diski nyingi zina uso wa karatasi ngumu iliyogundishwa juu ya chuma. Karatasi ile inapenda maji kuliko mafuta. Inayanyonya, gundi inalegea, uso unabambuka. Shofere anasikia mashine inateleza mu mulima, anaongeza gazi, diski zinaungua. Sasa ukifungua bwate unakuta diski nyeusi, zimeungua. Nani alikuwa ku usukani? Mu jedwali unaandika: « mauvaise manipulation ». Ushahidi unaonekana wazi, lakini ni ushahidi wa siku ya mwisho tu.

Na maji yalipita wapi? Njia ni nyingi: tundu la kupumulia lililopoteza kifuniko, mpira wa kuziba uliochubuliwa na vumbi letu la lava, pompe ya kuosha iliyoelekezwa palepale panapovuja. Ila kuna njia moja ambayo sikuiona mu TFC hata moja, na njo inanifanya niandike.

Mashine nyingi za aina hii zinapoza mafuta ya bwate kwa maji ya radiatere. Vinakutana ndani ya kipoza kimoja, mafuta upande huu, maji upande ule, katikati ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta ukitoboka, nini kinaenda wapi? Mashine ikifanya kazi, presha ya mafuta kwa kawaida inazidi ya maji, kwa hiyo mafuta yanaingia mu radiatere. Ukizima moto, presha ya mafuta inaanguka mara moja, lakini maji bado ni ya moto na bado yana presha chini ya kifuniko chake. Hapo maji njo yanasukuma kuingia mu bwate. Mashine inakunywa ikiwa imezimwa, shofere amekwenda nyumbani kula. Halafu asubuhi tunamuuliza alifanya nini.

Njo maana alama ya kwanza haiko hata ku bwate. Iko ku radiatere: fungua kifuniko mashine ikiwa baridi, tazama kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Ni kazi ya dakika moja.

Na kwa nini ukuta ule unatoboka mapema hapa kwetu? Tazama tunachomimina mu radiatere. Kitabu cha mashine kinataka likido maalum yenye dawa ya kuzuia kutu. Ku shantye tunamimina bido ya maji ya ziwa. Goma imejengwa juu ya lava, hakuna mto unaopita mjini, basi ziwa njo kisima chetu. Lakini maji ya Kivu si maji ya mvua. Yana chumvi nyingi za madini, bikaboneti hasa, na pH yake juu juu inakaribia 9. Maji ya namna hiyo ukiyachemsha kila siku yanaacha ganda. Ganda linazuia joto kutoka, chuma kinachoka, na bila ile dawa kutu inakula polepole. Kama kipoza kina aluminyumu, pH ya juu inakimaliza haraka zaidi. Kila mama anayechemsha maji ya ziwa anajua ganda la sufuria. Sisi wenye diploma tumesoma mabadilishano ya joto mwaka mzima, na bado bido ya njano haikuingia mu TFC.

Sasa turudi ku zile namba tatu. Ile ya « kuona mapema » katika TFC moja niliyosoma ilipewa 4 juu ya 4 kwa maji mu mafuta, maana yake haiwezekani kuona bila labo. Si kweli. Asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza kidogo tapo ya chini ya bwate: kama kuna maji yaliyoshuka, yatatangulia kutoka mbele ya mafuta. Si mara zote, kwani mafuta mengine ya transmission yanayashika maji yasishuke. Basi chukua tone moja, liangushe juu ya bamba la chuma lenye moto wa kama digri 130. Vaa miwani. Likipasuka pasuka kama mafuta ya kukaangia sambaza, kuna maji, na ni kuanzia karibu ile 0.1%. Namba 4 iliandikwa ku meza, na ku meza kweli huwezi kuona kitu.

Kosa la pili ni lile la MTBF, wastani wa saa kati ya kuharibika na kuharibika. Tuseme mashine imefanya saa 900, bwate imesumbua mara tatu. Mwanafunzi anagawa, anapata 300, anapendekeza vidanje kila saa 250. Lakini kama kipoza kimetoboka tangu mara ya kwanza, hakuna kuharibika mara tatu. Kuna kuharibika mara moja ambako hakujatengenezwa, na kanuni imehesabu dalili. Vidanje ya haraka haraka inaficha tu. Tena vidanje moja haitoi maji yote: mafuta mengi yanabaki mu konvertisere, mu kipoza na mu mabomba, yanakungoja uyachanganye na mapya.

Wakati wa staje niliona hiyo mambo kwa macho, ku kariere moja upande wa Sake. Vidanje tatu ku chargeuse moja katika musimu mmoja wa mvua. Baada ya ya pili, shofere alifukuzwa, baba wa watoto, bila hesabu ya mwisho. Baada ya ya tatu, fundi mzee ambaye hajui AMDEC ni nini alifungua radiatere, akaingiza kidole, akatoa mafuta. Hakuna aliyemwita shofere arudi.

Kuna watu watanijibu: ndugu, wewe unaongea kama tuko Ubelgiji. Mafuta ya feki yapo sokoni, mashofere wasiojua kazi wapo. Ni kweli, vyote vipo. Lakini mafuta bora yenye maji bado yana maji. Tena angalia pipa lenyewe lilivyowekwa. Likisimama wima inje, mvua inajaa juu ya kifuniko; usiku baridi inaingia, pipa linajikunja, linavuta maji kupitia tapo hata kama imefungwa vizuri. Unanunua mafuta ya bei kali, unayatia maji mwenyewe kabla hayajafika ku mashine. Kulilaza pipa, tapo zote mbili zikiwa usawa kulia na kushoto, chini ya hema, hakuhitaji bajeti.

Na bei ya bwate si ya mchezo. Pyese zinatoka mbali, nyingi zinapita Mombasa ao Dar es Salaam na mipaka juu ya mipaka, na tangu benki za mji zifungwe Januari 2025 kulipa mtu wa inje kumekuwa safari ya pili. Mashine ikikufa, inakufa kwa miezi. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilikata njia ya Rutshuru, na bila mashine kubwa hakuna ambaye angeifungua kwa jembe. Wakubwa wetu wanakumbuka 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani. Siku kama ile, chargeuse yenye diski zilizobambuka ni chuma tu.

Kwa hiyo kwa wadogo wanaoandaa TFC mwaka huu, na kwa wale kati yetu ambao sasa tunakaa mu jury: jedwali libaki, si adui. Lakini kabla ya namba, tutake kurasa mbili za mambo yaliyoonwa. Radiatere ilijazwa nini, na nani. Kifuniko cha tundu la kupumulia kipo ao hakipo. Pipa lilikuwa wima ao limelala. Mashine ilikaa wiki ngapi bila kuwashwa, kwa sababu mashine inayolala muda mrefu inatoa jasho la ndani, na isipopata moto wa kutosha jasho lile halitoki. Tone lilipasuka ao halikupasuka, tarehe gani, saa ngapi za mashine. Na kama mwanafunzi ameandika shofere ndiye sababu, aulizwe palepale, mbele ya wazazi na kamera: kipoza ulikipima presha?