Shina la Mgomba na Spika ya Sebuleni

Wauzaji wa vyombo vya muziki husisitiza kwamba bila vifaa vya kuzuia mtetemo, hata spika ya bei ghali haifai kitu. Wapinzani wao hujibu kwamba huo ni ujanja wa biashara tu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeruka swali la msingi: ni kitu gani kinachotetemeka, na mtetemo huo unaingilia sauti mahali gani?

Hapa Ntinda tunacho Kituo cha Ndere, makao ya kikundi cha ngoma za jadi kilichoanzishwa mwaka 1984, na ala za jadi zinaweza kutufundisha jambo. Tuchukue amadinda ya Buganda. Vibao vyake 12 havipigiliwi misumari. Hulazwa juu ya mashina mawili ya mgomba. Kibao kikipigwa, ncha zake na katikati yake hutetemeka, lakini sehemu mbili, takriban asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha, karibu hazisogei. Kikiegemea hapo, huimba kwa uhuru. Kwa hiyo shina halipo ili kuua mtetemo. Lipo ili kinachopaswa kuimba kiimbe, na kilicho chini yake kinyamaze.

Tukiipeleka kanuni hiyo sebuleni, majibu yanatofautiana. Sindano ya santuri husoma mtetemo ndani ya mfuo mwembamba kama unywele, hivyo hata kishindo cha mguu sakafuni husomwa kana kwamba ni muziki. Hapo kinga ni lazima. Spika iliyowekwa juu ya kabati la mbao nyembamba hulifanya kabati nalo livume. Kwa muziki wa amadinda hiyo ni hasara kubwa: wapigaji wawili hupishanisha mapigo, na wa tatu, omukoonezi, hurudia kwenye vibao viwili vya juu noti zinazoangukia vibao viwili vya chini. Kabati likivimbisha sauti za chini, msikilizaji hawezi tena kuutambua ususi huo.

Lakini simu haina sindano, na amplifaya ya transista haina kitu kinachosogea ili kutoa sauti. Mtetemo wa kawaida wa nyumbani hauwadhuru. Anayeuza miguu ya bei ghali kwa vyombo hivyo anauza hofu.

Huenda mtu akasema kwamba yeye hasikii tofauti yoyote. Sawa, lakini katika nyumba za ghorofa sauti za besi hupita sakafuni na ukutani hadi kwa jirani, naye huisikia tofauti hiyo usiku kucha.

Kwa mwanafunzi mwenye fedha chache, kipimo ni kiganja. Kiweke juu ya kabati wimbo unapolia. Likitetemeka, hamisha spika au iwekee vipande vya mpira laini chini yake. Lisipotetemeka, usinunue kitu.