Herufi Moja, Upana Mara Mbili

Katika faili la PK la fonti ya Computer Modern Roman ya pointi 10, herufi "a" imeandikiwa upana mara mbili. Upana wa kwanza ni wa hesabu: sehemu 0.500002 ya ukubwa wa fonti, yaani pointi 5 na ziada isiyoonekana kwa macho. Wa pili ni idadi ya pikseli za kusogea baada ya kuichapa herufi: 21, ikiwa printa ni ya pikseli 300 kwa inchi. Ukilitazama faili juu juu utadhani baiti zimepotezwa bure. Kumbe hapo ndipo ulipo ufundi.

Mfumo huu ni wa TeX, programu ya kupanga kurasa ambayo Donald Knuth aliianzisha Chuo Kikuu cha Stanford mwishoni mwa miaka ya 1970. TeX haijui herufi ina umbo gani. Husoma faili la TFM, lililobuniwa na Lyle Ramshaw mwaka 1980, lenye vipimo vitupu: upana, kimo, kina, na maelekezo ya kusogeza jozi za herufi. Humo imeandikwa kwamba V ikiifuata A, isogezwe nyuma pointi 1.11 hivi ili milalo yao ikaribiane. Nafasi kati ya maneno nayo haina herufi yake. Ina vipimo vitatu tu: pointi 3.33, kiasi inachoweza kutanuka, na kiasi inachoweza kubanwa. Picha za herufi zimo kwenye PK, muundo wa Tomas Rokicki wa mwaka 1985, na hizo husomwa na programu ya kuchapa.

Tuchape neno "mama". Kwa printa ya 300, pointi moja ni pikseli 4.151, kwa hiyo "m" ina upana halisi wa pikseli 34.59 na "a" 20.76. Printa haichapi nusu pikseli. Tukiiweka kila herufi kwenye pikseli iliyo karibu zaidi na mahali pake halisi, "m" ya kwanza itapata pikseli 35, "a" 20, "m" ya pili 35, na "a" ya mwisho 21. Herufi ile ile, ndani ya neno lile lile, imepewa nafasi mbili tofauti! Ukurasa mzima wa namna hiyo huchosha macho hata kama msomaji hawezi kueleza kinachomsumbua. Upana wa pikseli ndio unaozuia hayo: 35, 21, 35, 21.

Lakini sasa neno limechukua pikseli 112 badala ya 110.7. Makosa ya aina hii yakijumlishwa mstari mzima, ukingo wa kulia utavurugika. Hapo ndipo upana wa kwanza unapoingia kazini. Kanuni iliyomo katika DVItype, programu ya mfano ya Knuth, huhesabu mahali halisi na mahali pa pikseli kwa pamoja. Ndani ya neno hufuata pikseli, mradi tofauti isizidi 2. Ikikuta msogeo wa mbele unaofika sehemu moja ya sita ya ukubwa wa fonti, huuhesabu kuwa nafasi ya kati ya maneno, na papo hapo hurudi mahali halisi. Kosa lote humezwa na nafasi tupu. Ule msogeo wa AV ni mdogo, hivyo hukadiriwa peke yake: pikseli 5 nyuma, kila inapotokea.

Yote haya kwa herufi ya kawaida hugharimu baiti nne: tatu za upana wa hesabu, moja ya pikseli. Kwangu huo ni ubanaji wa kupigiwa mfano.

Udhaifu upo. Kila kiwango cha printa hudai faili lake la PK, na ndiyo sababu fonti za mistari, zinazokuzwa na kupunguzwa zitakiwavyo, ziliisukuma PK pembeni. TFM nayo huruhusu vimo 16 tu kwa fonti nzima, kikwazo kinachowabana wabunifu.

Hata hivyo, vioo vidogo vya mita, saa na mashine za risiti bado vinachora herufi kwa pikseli chache. Wewe unayeandika programu zake, usihifadhi pikseli peke yake. Weka na upana halisi, kisha sahihisha kosa kwenye nafasi za maneno.