Mwasho Mdogo, Kiu Kubwa

Mwanagenzi wa vipassana, taamuli ya Kibudha, hapewi kazi kubwa siku ya kwanza. Anaketi, anafumba macho, anaelekeza fikira tumboni. Pumzi ikiingia tumbo linapanda, naye anataja kimoyomoyo: kupanda. Ikitoka linashuka, anataja: kushuka. Haivuti pumzi kwa makusudi wala haizuii. Haupiti muda, pua inaanza kumwasha, na hapo ndipo somo lenyewe linapoanza.

Mkono tayari unataka kwenda kukuna. Mwalimu amemwambia asiupe ruhusa upesi, kwanza autazame mwasho. Basi anataja: kuwasha, kuwasha. Akitulia anaona kuwa alichokiita mwasho si kitu kimoja. Kuna joto, kuna mchomo, kuna mtekenyo unaohama kutoka ncha ya pua hadi pembeni. Kuna na mambo ambayo hayako puani kabisa: bega limekaza, meno yamebanana, na ndani kuna sauti inayosisitiza kwamba hili halivumiliki. Mwasho unapanda, unafika kilele, na mara nyingi unaondoka wenyewe. Ukimshinda, anaruhusiwa kukuna, ila kwa hatua: anataja nia ya kukuna, kuinua mkono, kugusa, kukuna, kurudisha mkono. Kisha anarudi tumboni.

Hivi ndivyo alivyofundisha Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar, aliyeishi kuanzia 1904 hadi 1982. Mwaka 1949 aliitwa Yangon kuongoza kituo cha taamuli, na huko wakamiminika watu wa kawaida, wake kwa waume, wenye kazi na familia. Msingi wa mafunzo yake ni hotuba ya Buddha iitwayo Satipatthana, inayomtaka mtu autazame mwili, hisia, hali za moyo na mambo yanayopita akilini. Mahasi aliichukua hotuba hiyo ya kale akaifanya kazi ambayo mtu anaweza kuianza asubuhi hiyo hiyo. Hata kutembea kuligawanywa: kuinua mguu, kuusogeza, kuuweka.

Ninachokistahi zaidi katika ufundi huu ni namna kazi inavyokaguliwa. Mwanafunzi hukutana na mwalimu na kutoa ripoti. Sayadaw U Pandita, aliyemfuata Mahasi katika uongozi wa kituo hicho, alisifika kwa ukali katika jambo hili. Alitaka mambo matatu tu: nini kilijitokeza, ulikitambuaje, na baada ya kukitambua kikawaje. Hakutaka maoni wala nadharia. Mtu akisema aliumwa goti, anaulizwa maumivu yalikuwa ya aina gani, yalikaa au yalihama, yaliongezeka au yalipungua alipoyatazama. Akishindwa kujibu, anarudi akatazame tena. Polepole jicho la ndani linanolewa, mpaka linaona mambo ambayo zamani yalikuwa yakipita bila kuonekana.

Sasa tumfikirie mtu aliyeacha pombe, jioni, akipita njia ile ile ya kutoka kazini. Anasikia muziki wa baa. Mafundisho ya Kibudha yanaueleza mnyororo unaofuata pete kwa pete. Sikio linakutana na sauti. Kwenye mkutano huo huzaliwa hisia, tamu, chungu, au isiyo tamu wala chungu. Kutokana na hisia huzuka kiu, ambayo Wabudha huiita tanha, na kutokana na kiu huja kung'ang'ania. Kwa mraibu pete hizi hufuatana kwa kasi kiasi kwamba anaziona kama jambo moja: nilisikia muziki, nikajikuta ndani. Ufundi wa vipassana unafanyika katika nafasi nyembamba iliyopo kati ya hisia na kiu. Aliyejifunza kutazama mwasho wa pua anatambua mate yanayojaa mdomoni, koo linalokauka, kifua kinachobana, na hoja za ndani zinazodai kwamba glasi moja haina neno. Anavitaja kimoja kimoja. Hamu ikishagawanyika hivyo, inakuwa mambo ambayo mtu anaweza kukaa nayo, kila moja kwa wakati wake.

Kukaa nayo si kupigana nayo. Anayejilazimisha kutoiwaza pombe huishia kuiwaza kutwa. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliwafundisha watu waliokuwa na uraibu kuipokea hamu kama mpanda mawimbi anavyolipokea wimbi: linainuka, linafika juu, linavunjika. Asiyelijua wimbi anadhani litapanda bila kikomo mpaka anywe ndipo litulie. Aliyewahi kukaa nalo hadi mwisho ameona kwa macho yake kwamba linashuka hata asipokunywa, na hakuna hotuba inayoweza kumpa mtu ujuzi huo kwa niaba yake.

Marlatt alipata pia nafasi ya kuichunguza taamuli yenyewe. Mwaka 1997 kozi ya siku 10 ya vipassana ilifanyika katika gereza la North Rehabilitation Facility mjini Seattle. Ilifuata njia ya S. N. Goenka, mwalimu aliyezaliwa Burma katika familia yenye asili ya India, ambaye mwaka 1994 aliendesha kozi ya wafungwa zaidi ya 1,000 katika gereza la Tihar, Delhi. Katika kozi hizo watu hukaa kimya, huamka saa 10 alfajiri, hutumia siku 3 za mwanzo kutazama pumzi puani, kisha huupitia mwili mzima kwa fikira, kuanzia kichwani hadi miguuni. Utafiti wa Marlatt na wenzake uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa miezi 3 baada ya kutoka, wafungwa waliopitia kozi hiyo walikuwa wakitumia pombe, bangi na kokeini ya kuvuta kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Kwa kuwa washiriki walijichagulia kozi wenyewe, matokeo hayo hayakutosha kuwa hukumu. Kutokana na kazi hiyo yakatengenezwa mafunzo ya wiki 8, na mwaka 2014 Sarah Bowen na wenzake wakachapisha utafiti wa watu 286 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja, waliojifunza kutazama walikuwa na siku chache za kutumia dawa za kulevya kuliko waliopata matibabu mengine.

Kabla ya hapo Marlatt alikuwa ameshaeleza hatari ambayo familia nyingi zinaijua. Mtu aliyeacha anateleza mara moja, aibu inamvaa, anajiambia kwamba yeye hafai tena, na kwa aibu hiyo anaendelea kunywa. Mara nyingi kinachommaliza ni ile hukumu aliyojipa. Hapa ufundi wa kuketi unatoa tiba ambayo haikupangwa kwa ajili ya ulevi peke yake. Katika saa moja ya taamuli akili hutoroka mara zisizohesabika. Kila mara kazi ni ile ile: kutambua, kutaja kuwaza, kurudi kwenye pumzi bila kujitukana. Mwanafunzi akidhani kutoroka kumemharibia taamuli, mwalimu humkumbusha kwamba kurudi ndiyo taamuli yenyewe. Aliyerudi mara maelfu kutoka kwenye mawazo madogo anaijua njia ya kurudi siku atakapoanguka vibaya.

Kila ufundi una mipaka, na fundi mwaminifu huitaja. Mtu aliyezoea pombe nyingi akikatisha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo anahitaji daktari kwanza. Aliye kwenye arosto ya unga, yaani mateso ya kuacha heroini, haambiwi aketi atazame pumzi. Anahitaji dawa, kama methadoni inayotolewa Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011. Na mwenye majeraha mazito ya moyoni anaweza kuumizwa na kimya kirefu asipokuwa na mtu wa kumshika mkono. Taamuli inaingia pale mwili umeshatulia na mtu anatakiwa kuishi, siku baada ya siku, na hamu zinazobaki.

Nao Wabudha hawaianzi safari hii kwenye mkeka wa taamuli. Wanaianzia kwenye maadili matano, na la tano ni kujiepusha na vileo. Maandiko yao ya kale yanayahesabu maadili hayo kuwa zawadi kuu, kwa sababu anayeyashika anawapa wengine usalama: hawana tena sababu ya kumwogopa. Waliowahi kuishi nyumba moja na mlevi wanajua thamani ya zawadi hiyo. Inatolewa kwa kazi ndogo isiyo na mashahidi, hamu moja ikitazamwa mpaka ipite, kisha nyingine, na wanaoifanya kazi hiyo wanastahili heshima ile ile tunayompa fundi ambaye juu ya kazi yake watu wengine wanaweka maisha yao.